Breki na Mstari wa Njano

Kuna watu ambao ukitaka wafanye jambo, wakataze tu. Mwanamke aliyeitwa Breki alikuwa mmoja wao, na mtaa mzima ulilijua hilo. Kwa hiyo mpaka leo haieleweki ni akili gani iliyowatuma kumchagua yeye akausemee mtaa mbele ya kamati ya serikali.

Kamati ilikuwa inakuja kusikiliza maoni juu ya kupanuliwa kwa uwanja wa ndege. Uwanja wenyewe uko nyuma tu ya mtaa, karibu kiasi kwamba ndege ikitua vikombe vinagongana kabatini. Serikali ilitaka kuongeza njia ya pili ya kurukia na jengo jipya la abiria, na mahali pa kuviweka ni pale pale watu wanapolala. Kila mtaa ukaambiwa utoe msemaji mmoja.

"Ukitaka kujua ila ya nyumba, lala ndani," alisema kaka yake Breki, ambaye ndiye mwenyekiti wa mtaa. "Na huyu amelala ndani ya uwanja ule miaka ishirini na sita."

Watu wakapiga makofi. Breki akasimama, akasema yuko tayari, ila atasema aliyoyaona, si aliyotumwa. Wakapiga makofi tena, kwa sababu mtu akitaka sana kusikia neno fulani, atalisikia hata lisiposemwa.

Kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu. Aliwasukuma wazee, wagonjwa, waliovunjika miguu, na wale wazima kabisa waliogundua kwamba aliye kwenye kiti hapangi foleni. Hao wa mwisho aliwajua mapema, na aliwapitisha makusudi kwenye vigae vilivyobanduka. Jina la Breki alilipata wiki yake ya kwanza kazini, aliposahau kukanyaga breki kwenye mteremko wa ukumbi wa kwanza. Kiti kikashuka peke yake na sanduku la abiria juu yake, kikaenda kumsalimia rubani magotini. Rubani alichechemea siku mbili, Breki akabaki na jina maisha yake yote.

Nyumbani alikaa vyumba viwili vya uani, katika nyumba aliyoiacha baba yao. Kaka yake alikaa mbele na mke wake, na karakana yake ya kuchomelea vyuma ilikuwa pembeni ya geti. Geti hilo alilitengeneza mwenyewe, na alilipenda kuliko watu wengine wanavyopenda ndugu zao. Wapima ardhi walipopita wakalichora alama nyekundu ya kubomolewa, naye akaipaka rangi ya bluu juu yake. Wakarudi wakachora tena, akapaka tena. Kufikia siku ya mkutano geti lilikuwa na rangi nzito hadi komeo lilikataa kuingia tunduni.

Asubuhi ya siku hiyo kaka alimkuta Breki uani akifuta kiti kibovu cha magurudumu, kile ambacho uwanja ulikitupa na yeye kaka mtu akakichomelea mguu.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Mkutanoni. Shikamoo kaka."

"Marahaba. Utasema nini huko?"

"Nitasema wapanue."

Kaka alicheka. Halafu akamtazama vizuri, kicheko kikakatika.

"Unatania."

"Sitanii. Nilisema siku ile nitasema niliyoyaona. Hamkuuliza nimeona nini."

"Nyumba ya baba hii!"

"Baba alikuja hapa kumwaga zege la njia ile ya kwanza, kaka. Kiwanja hiki alikipata kwa sababu ya kazi hiyo. Bila uwanja, wewe mwenyewe ungezaliwa kwingine, na pengine ungekuwa na tabia nzuri."

Wifi yake, aliyekuwa anaanika nguo, akajificha nyuma ya shuka ili acheke. Kaka hakucheka. Aliweka mkono kwenye kile kiti, akaongea taratibu, na alipoongea taratibu ndipo alipokuwa hatari.

"Sikiliza mdogo wangu. Ukisimama pale mbele za watu ukasema hivyo, mimi na wewe basi. Sitakugombeza. Nitaondoka na mke wangu, popote nitakapohamia usije, na nikifa usiambiwe."

Breki alisimamisha kitambaa juu ya gurudumu. Wazazi walikwisha kwenda, mume alikwisha kwenda, mtoto hakujaliwa. Duniani alikuwa na kaka huyu mmoja, mwenye kelele na geti lake. Lakini mdomo haukumsaidia hata kidogo.

"Nimekusikia," alisema, akaendelea kufuta magurudumu.

Kwa nini mtu atake kupoteza ndugu kwa ajili ya uwanja? Hapo inabidi kueleza juu ya mstari wa njano.

Uwanja ule si wa watu wanaokuja kutembea. Abiria wengi wanashuka ndege moja na kupanda nyingine, wala hawatoki nje kuona hata rangi ya udongo. Ulijengwa zamani, ndege zikiwa chache, una njia moja ya kurukia na kumbi mbili zilizounganishwa kwa korido moja. Sasa abiria wameongezeka mara tatu na korido ni ile ile. Katikati yake, sakafuni, pamepakwa mstari wa njano. Wasukuma viti wa ukumbi wa kwanza huishia pale, wa ukumbi wa pili huanzia pale, na kwenye mstari ndipo wanapokabidhiana abiria. Anayekabidhi husema, "Wako." Anayepokea huja, humgusa kiganja, husema, "Nimepokea." Usipoguswa kiganja, abiria bado ni wako hata kama jengo linaungua. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo maana ilifuatwa.

Siku moja, miaka mitatu nyuma, Breki aliivunja. Ndege tatu zilizokuwa zinazunguka angani zikingoja nafasi zilitua karibu pamoja, na korido ikajaa watu mpaka ukuta ukatoa jasho. Alikuwa anamsukuma bibi mmoja mdogo wa mwili, mkoba umelazwa mapajani, anayekwenda kumwona pacha wake mgonjwa nchi nyingine. Nyuma, ukumbi wa kwanza, walikuwa wanamngoja abiria wengine watano, wote wa ndege za ukumbi ule ule. Alipofika kwenye mstari hakumwona mwenzake wa ukumbi wa pili, yule waliyemwita Kimya. Akapiga kelele juu ya vichwa vya watu, "Kimya! Wako!" Ng'ambo ya umati mkono ukainuka. Breki akaona yatosha. Akakanyaga breki, akamwambia bibi anakuja wa kumchukua, akakimbia.

Mkono ule ulikuwa wa mume fulani aliyekuwa anampungia mkewe.

Saa nne nzima bibi alikaa kwenye mstari wa njano. Watu walimpita kushoto na kulia, kwa maana kila aliyemwona alidhani yuko mikononi mwa mtu. Breki alimkuta pale wakati wa kumaliza zamu, mkoba ungali mapajani, ndege yake imeshaondoka. Akapiga magoti.

"Bibi, mbona hukuita mtu?"

"Sikutaka kuwasumbua, mwanangu," alisema bibi. "Niliona mna watu wengi."

Siku kumi baadaye bibi alipita tena, anarudi kwao, na kwa ukatili wa ratiba msukumaji wake akawa Breki yule yule. Bibi alieleza bila kulaumu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, kwamba alimkuta pacha wake wameshamzika. Breki alimsukuma mpaka kwenye mstari, na safari hii alisubiri kiganja.

Ofisi iliandika taarifa: abiria hakufika mahali pa kukutania kwa wakati. Wakampa kalamu, naye akatia sahihi. Jambo hilo lilimla. Alijiona mjinga, kisha mwongo, mwisho akaona hasira, na hasira ndiyo iliyomfaa zaidi. Akaanza kupima. Akahesabu hatua kutoka lango la mbali mpaka jingine, akahesabu dakika za foleni ya ukaguzi, akahesabu siku ambazo lifti ilikuwa nzima, kazi ambayo haikumchukua muda. Tikiti zinampa abiria dakika arobaini na tano za kubadili ndege. Kiti cha magurudumu, kikisukumwa na mwanamke mwenye haraka, kilihitaji hamsini na nane.

Sasa turudi kwenye siku ya mkutano, maana kulikuwa na mwingine aliyetaka kumshika ulimi. Nje ya ukumbi wa shule, msimamizi wake wa kazi alimngoja na karatasi iliyopigwa chapa.

"Mama, wenzako kazini wametuambia unatuunga mkono. Safi sana. Wewe soma hii tu. Ajira, maendeleo, basi. Mambo ya abiria fulani na fulani usiyaguse."

"Nimeshukuru sana," Breki akasema. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, akaikunja, akafutia grisi kwenye ekseli ya kiti.

Ndani watu walibanana. Mezani walikaa wanakamati watano, na mwenyekiti wao alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Ukutani palibandikwa picha za jengo jipya, vioo vitupu, na humo ndani watu wachache wembamba wasio na mizigo. Mtaa wa Breki ulijaza safu tatu za mbele. Kaka yake alikaa katikati, amevaa shati lake la misibani.

Alipoitwa, Breki alikisukuma kiti mpaka katikati ya ukumbi. Akatoa chaki ya njano mfukoni, akainama, akachora mstari sakafuni. Watu wakaanza kunong'ona.

"Naomba mtu mmoja akae hapa. Kaka, njoo."

"Mimi?"

"Kiti umekichomelea mwenyewe, au hukiamini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kaka alikuwa mtu wa kuogopa mambo mawili tu, umeme wa mvua na kuonekana anaogopa. Akaja, amekunja uso, akaketi. Breki akakigeuza kiti kikatazama ukuta wa nyuma, akamwekea mkoba wake mapajani, akakanyaga breki.

"Usiinuke mpaka ufuatwe," alimwambia, akaenda zake mbele ya kamati.

"Mimi ni msukuma viti. Naishi kwenye nyumba yenye geti la bluu, ile ambayo itakuwa ya kwanza kuvunjwa. Na nasema uwanja upanuliwe."

Kelele zilizotoka hapo hazina maelezo. Mtu mmoja alisema Breki amehongwa. Mwingine alisema hapana, huyo hahongeki, amerogwa. Mke wa fundi viatu alipiga kelele, "Kikulacho ki nguoni mwako!" Breki alisimama macho makavu mpaka wakachoka.

"Mmemaliza? Haya. Mnalalamika ndege zinatuzungukia juu ya paa hazilali. Kweli zinazunguka. Mnajua kwa nini? Hazina pa kutua! Njia moja, ndege kumi zinangoja. Mnaugua kelele za foleni, halafu mnakataa mlango wa pili."

"Wajenge mwingine huko mbali!" alidakia fundi viatu.

"Wewe jikoni kwako jiko liko nyumba hii na sufuria nyumba ya jirani?"

"Hapana."

"Basi. Huu ni uwanja wa kubadilishia ndege. Ukiugawa, mgonjwa ashuke hapa, atafutiwe gari, avuke mji mzima akapande ndege nyingine kule. Miguu yenyewe hana! Vitu hivi hufaa vikiwa pamoja, mahali pamoja, na mahali penyewe ni hapa, tupende tusipende. Na nusu ya waliokaa humu wanakula kwa uwanja huu. Wewe fundi, hivyo viatu unavyoshonea soli ni vya wahudumu wa ndege au vya malaika?"

Watu wakacheka, fundi viatu naye akacheka kwa shingo upande. Kisha Breki akageukia upande walikokaa watu wa uwanja.

"Na nyie wa picha msitabasamu bado. Hizo picha zenu hazina mtu aliyelala sakafuni. Mimi kila siku nawaruka. Dawa zinazotakiwa kukaa kwenye baridi nimeziona zinangoja juani kwa sababu ghala limejaa. Nyie mnasema tupanue ili tupendeze. Mimi nasema tupanue kwa sababu tunaumiza watu."

Msimamizi alianza kumpungia mkono akae.

"Usinipungie, bosi. Mimi na mikono ya kupungwa tuliachana zamani."

Akawaeleza habari ya yule bibi. Aliieleza yote, jinsi wanavyokabidhiana kwa kiganja, yule mume aliyepunga, zile saa nne, pacha aliyezikwa. Alisema taarifa ile ilikuwa ya uongo, na sahihi iliyo chini yake ni yake, na kama wanataka kumfukuza kazi wajue viatu vya sare haviwezi kurudishwa, vimekwisha. Sauti ilimkatika mara moja tu, aliposema, "Niliona mna watu wengi." 

"Ndiyo maana sikubali kuambiwa nichague," alisema. "Nataka uwanja mkubwa, na nataka watu wa mtaa wangu wahamishwe mara moja, si mara mbili, pamoja, hati mkononi kabla tingatinga halijawashwa. Kama mna uwezo wa kujenga vioo vyote vile, hilo haliwashindi. Baba yangu alimwaga zege la kwanza. Hamtamwaga la pili juu ya kichwa cha mwanawe halafu mkaita maendeleo."

Mwenyekiti wa kamati alivaa miwani yake. "Umemaliza, mama?"

"Bado. Nina swali. Kaka yangu yuko wapi?"

Watu waliangaliana. Kisha vichwa vikageuka, safu moja baada ya nyingine. Alikuwa pale pale katikati ya ukumbi, mgongo kwao, mkoba mapajani, ameutazama ukuta. Hata mke wake alikuwa amemsahau.

"Dakika ishirini," alisema Breki. "Na hapa tupo watu mia mbili tu, wote tunamjua, wengine anatudai pesa. Yule bibi hakuna aliyemjua."

 Mwenyekiti wa kamati aliandika kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema anatakiwa kuandika kama msemaji amesema kwa niaba ya mtaa au kwa niaba yake mwenyewe. "Walio pamoja naye katika mtaa wake wanyooshe mikono."

Breki aligeukia zile safu tatu. Fundi viatu alikuwa anachunguza kucha zake. Wifi yake aliinamisha kichwa. Watu aliokua nao, aliowabebea watoto wao, walitazama sakafu, dari na zile picha za vioo. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, ukabaki juu peke yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa. Aliona vyumba vyake viwili, na popote atakapohamia, hakuna mtu wa kugombana naye asubuhi.

"Basi nitaandika ni maoni yake bi—"

Hapo mkono ukainuka. Ulitoka juu ya mgongo wa kile kiti cha magurudumu, katikati ya ukumbi, mkono mpana wenye makovu ya cheche. Watu wakaguna. Lakini Breki alikwisha kudanganywa na mkono wa mbali mara moja, na hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili. Akaiacha kamati ikimtazama, akatembea mpaka katikati ya ukumbi alipo kaka yake, akazunguka mbele akamtazama usoni. Macho ya kaka yalikuwa mekundu, na safari hii si kwa kuchomelea.

"Umemnyooshea nani mkono?" aliuliza Breki.

"Uwanja wenu siuungi mkono," alisema kaka kwa sauti nzito. "Leo siuungi, kesho siuungi, na atakayegusa geti langu atanitambua."

"Sasa?"

"Nimekaa hapa nikiutazama huu ukuta. Nikasikia wanaulizwa nani yuko na wewe, nikasikia kimya." Akaushika ule mkoba mapajani. "Sikuweza. Umebaki kwenye mstari peke yako, mdogo wangu."

Breki alitaka kusema neno la kumchokoza, maana ndiyo lugha yao.  Badala yake akanyoosha mkono, kiganja wazi.

"Wako," alisema.

Kaka alikuwa amesikia habari yote, kwa hiyo alijua la kufanya. Akakiweka kiganja chake kigumu juu ya cha dada yake, akakikandamiza.

"Nimepokea," alisema. "Sasa fungua hii breki twende nyumbani tukagombane vizuri."